Duka la Mbuzi: namna ya kutunga, kuchora na kusoma darasani kitabu cha picha chenye vina

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu, mzazi au mtu wa maktaba anayetaka kitabu kifupi cha kuchekesha cha kuwasomea watoto kwa sauti, na anayetaka kukitengeneza mwenyewe. Utakachopata mwishoni ni kitabu cha kurasa 16 chenye beti saba, pamoja na nakala moja kubwa ya kuonyesha darasa zima. Mfano tutakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni hadithi ya Mbuzi aliyefungua duka kisha akawa anakula bidhaa zake mwenyewe.

Vifaa: karatasi 4 za A4 kwa kila nakala ndogo, penseli, kalamu nyeusi ya wino, rula, sindano kubwa na uzi mnene. Kwa nakala kubwa: manila au kalenda za ukutani za mwaka uliopita, maka peni nyeusi na rangi mbili tatu.

Hatua ya 1: Pata kichekesho kabla ya kina

Wengi huanza na maneno yanayofanana mwisho, wakaunganisha paka, shoka na kukauka, kisha wakatafuta hadithi ya kuyabeba. Matokeo ni shairi lenye vina safi ambalo hakuna mtoto anayelicheka. Anza na tukio. Tukio zuri la kitabu cha picha lina sifa mbili: linajirudia kwa mabadiliko madogo, na kuna jambo ambalo mtoto analiona kwenye picha lakini wahusika hawalijui.

Duka la Mbuzi lina zote mbili. Kila mteja anakuja kutaka kitu, kitu hakipo. Maneno hayasemi kimekwenda wapi. Picha inaonyesha ncha ya kitu hicho ikichungulia kwenye mdomo wa Mbuzi. Mtoto anajua, Kobe, mteja wa kwanza, hajui, na hapo ndipo kelele zinapoanza: "Amekula! Amekula!"

Angalia na kitu kinacholiwa. Watoto wadogo huiga. Usiweke rafuni dawa, betri, kiberiti wala mafuta ya taa. Kofia, ndoo, daftari, ufagio na nyanya vinatosha kabisa kuchekesha. Na kicheko kisimwangukie mtoto yeyote aliyemo darasani: usimpe mnyama jina la utani ambalo tayari watoto wanamwitia mwenzao.

Hatua ya 2: Tunga kibwagizo kwanza

Kibwagizo, yaani mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, ndicho watoto watakachokishika siku ya kwanza, kwa hiyo kitunge kabla ya beti. Kiwe kifupi, kiwe na maneno wanayoyatumia kila siku, na kiwe swali au wito ili kiombe kuitikiwa. Chetu ni hiki:

Mbuzi, mbuzi, una nini?

Kina mizani nane, yaani silabi nane: mbu-zi-mbu-zi-u-na-ni-ni. Uzuri wake ni kwamba kinabeba maana mbili. Mwanzoni mwa kitabu ni swali la mteja: unauza nini? Kufika mwisho, Mbuzi amelala na tumbo limevimba, maneno yale yale yanakuwa pole: umepatwa na nini? Tafuta kibwagizo cha namna hii, ambacho hakibadiliki hata herufi moja lakini hadithi inakibadilisha maana. Ukitumia saa nzima kwa mstari huu mmoja, hujapoteza muda.

Hatua ya 3: Hesabu mizani kwa mdomo

Kwa watoto wadogo mizani nane kwa mshororo (mstari wa shairi) ndiyo kipimo kinachokaa vizuri kwenye pumzi. Kumi na sita, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na nane utao (nusu ya pili), ni ndefu mno kwa mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi. Panga mishororo mitatu yenye kina kimoja, wa nne uwe kibwagizo.

Makosa ya kuhesabu hutokea hasa kwenye m na n. Katika mbuzi, m imeshikamana na b, kwa hiyo neno lina mizani miwili: mbu-zi. Katika mtoto, m inasimama peke yake: m-to-to, mizani mitatu. Mbwa ni miwili, m-bwa, na nchi ni miwili, n-chi. Mwalimu ni mitatu kwa sababu mwa hutamkwa kwa pamoja. Irabu zinazofuatana zihesabu kila moja: kaa ni ka-a. Usihesabu kwa jicho. Piga kofi kwa kila silabi huku ukisema kwa sauti.

Kisha pima mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo katika mshororo wa mizani nane, mzani wa saba daima ni mzito: duKA si sahihi, ni DUka. Soma beti zako ukipiga meza kwenye mzani wa saba tu. Kofi likiangukia mahali pasipo na mkazo, umezidisha au umepunguza silabi mahali fulani.

Ubeti wa kwanza:

Mbuzi kafungua duka,
Kalipamba kwa mashuka,
Kila kona kazunguka,
Mbuzi, mbuzi, una nini?

Kafungua, kalipamba: tumefanya inkisari, tukaacha a ya mwanzo. Inaruhusiwa, na watoto huisikia kwenye mazungumzo ya kila siku. Lakini ukianza nayo, endelea nayo kitabu kizima. Kinachoharibu ni tabdila, yaani kubadili irabu ya mwisho ili kina kipatikane. Mtoto anayejifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) bado anajenga picha ya neno kichwani. Ukimwandikia "kitaba" ili kifanane na "saba", utakuwa umemfundisha kosa, na atalibeba kwenye imla ya wiki ijayo. Vivyo hivyo usipindue mpangilio wa maneno hadi sentensi ieleweke baada ya kusomwa mara mbili. Kinachosomwa kwa sauti hupita mara moja.

Hatua ya 4: Kina kikae kwenye mzizi wa neno

Kwa kanuni ya ushairi, silabi ya mwisho ikifanana inatosha. Kwa sikio la mtoto haitoshi. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na huko ndiko sikio linakosikiliza. Taratibu na kitabu vina kina cha -bu, lakini kimoja kina i na kingine a kwenye mkazo, hivyo vinasikika mbalimbali. Taratibu, karibu na hakujibu vinagongana kwelikweli:

Kobe kaja taratibu,
Mbuzi kasema: "Karibu!"
Kaulizwa, hakujibu,
Mbuzi, mbuzi, una nini?

Mtego mkubwa wa Kiswahili ni urahisi wake. Vitenzi vingi mno vinaishia -ia, -wa, -ana na -isha, na majina mengi ya vitu yanaweza kupachikwa -ni ya mahali. Ukiandika mtoni, dukani, puani, utakuwa na kina bila kutoa jasho, na mtoto hatashangaa chochote. Raha ya kina ni kukisia neno linalokuja na kulipata, au kukisia moja likaja jingine. Kina kinachotokana na kiambishi hakina cha kukisia.

Njia nyepesi: kabla ya kuchagua mteja, andika ukoo wa jina lake. Panya ana nyanya, kukusanya, kudanganya. Huyo tayari ana hadithi: anataka nyanya, na Mbuzi anadanganya. Fisi ana polisi, ofisi, rahisi. Nyani ana sahani, jirani, amani. Bata ana kupata, kukamata, kunata. Mnyama ambaye huwezi kumpatia ndugu watatu, mwache hata kama unampenda.

Sasa tazama ubeti wa Bata ulivyokuwa mara ya kwanza:

Mteja wa pili Bata,
Sabuni hakuipata,
Povu shavuni lanata,
Mbuzi, mbuzi, una nini?

Mizani imetimia, kina kimekaa. Hata hivyo ubeti umeharibika, kwa sababu mshororo wa tatu umeiba kazi ya picha. Ukishasema povu liko shavuni, mtoto hana cha kugundua. Povu tumelirudisha kwa mchoraji:

Mteja wa pili Bata,
Hela yake kakamata,
Sabuni hakuipata,
Mbuzi, mbuzi, una nini?

Pitia kila ubeti kwa swali hili: je, kuna mstari unaoeleza kile ambacho jicho litakiona lenyewe? Ukiupata, futa.

Beti za nne na tano kwa wateja wako zinafuata mkondo huo huo. Ubeti wa sita Mbuzi anaanguka kwa uzito wa tumbo, na hapo unahitaji tanakali ya sauti. Iwe ile inayolingana na sakafu uliyoichora. Sakafu ngumu ni pa! Vumbi ni tifu! Tope ni tapwi! Maji ni chubwi! Watoto hawa wanajua tofauti na watakusahihisha. Iandike ndani ya picha kwa herufi kubwa, nje ya ubeti, ili isivuruge mizani. Ubeti wa saba:

Duka limebaki kuta,
Mbuzi tumbo lamvuta,
Punda kaja na mafuta,
Mbuzi, mbuzi, una nini?

Mafuta hayo ni ya nazi, ya kumchua tumbo. Mchoro uonyeshe Punda akichua, asije mtoto akadhani ni ya kunywa.

Kabla ya kwenda kwenye kuchora, mpe mtu asiyeijua hadithi asome yote kwa sauti huku wewe umenyamaza. Akijikwaa mahali pamoja mara mbili, kosa ni la mstari. Usimweleze namna ya kuusoma, urekebishe.

Hatua ya 5: Gawa kurasa

Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16 za A5. Idadi ya kurasa za kitabu cha kukunja lazima igawanyike kwa 4, vinginevyo utabaki na kurasa tupu. Ukurasa wa 1 ni jalada. Kurasa za 2 na 3 zinatazamana, kadhalika 4 na 5, hadi 14 na 15: mifunuo saba, beti saba. Ukurasa wa 16, mgongoni, hauna ubeti. Huo ndio wenye kichekesho cha mwisho.

Maneno yawe ukurasa wa kulia, na kibwagizo kiwe chini kabisa, ili swali liulizwe wakati kidole kiko tayari kufunua.

Mpangilio wa kurasa kwenye karatasi ndio unaowachanganya watu. Karatasi ya nje: upande mmoja 16 kushoto na 1 kulia, nyuma yake 2 na 15. Ya pili: 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya katikati: 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kila jozi ukiijumlisha inatoa 17. Isipotoa 17, umekosea. Tengeneza kwanza kijitabu cha karatasi chakavu, andika namba tu, ukifungue, ndipo uchore.

Hatua ya 6: Chora kinachohesabika

Huhitaji kuwa mchoraji hodari. Unahitaji kutobadilika: Mbuzi awe na pembe zile zile na doa lile lile kila ukurasa, la sivyo mtoto atauliza huyu ni mbuzi gani mwingine. Chora mbuzi mmoja kwenye karatasi ngumu, kata umbo lake kwa kulifuata, kisha ulizungushie penseli kila mara.

Rafu ya mfunuo wa kwanza iwe na vitu 6. Kila mfunuo kipungue kimoja, hadi wa saba ambao rafu ni tupu. Tumbo la Mbuzi lianze na upana wa sentimita 3 na liongezeke nusu sentimita kila mfunuo. La mwisho litakuwa 6. Kilicholiwa kionekane kidogo tu: Kobe ananyoosha mkono palipokuwa na kofia ya ukindu, na kwenye pembe ya mdomo wa Mbuzi kuna nyuzi tatu za ukindu. Ukichora kofia nusu nzima, hata aliyekaa nyuma atamaliza kicheko kabla hujamaliza ubeti. Nyuzi tatu zinawafanya wasogee.

Kama nakala zitatolewa kwa mashine ya fotokopi nyeusi na nyeupe, pitisha kalamu nyeusi juu ya penseli na usitegemee rangi. Njano na bluu nyepesi hupotea, nyekundu hutoka nyeusi. Acha sentimita moja tupu pembeni pande zote, kwa sababu mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni.

Jalada lina kibao juu ya mlango: DUKA LA MBUZI. Kiandike kwa herufi kubwa, na silabi DU iwe mwanzo kabisa wa ubao. Kwenye ukurasa wa 16 kibao kile kile kimeng'atwa upande wa kushoto, alama za meno zinaonekana, DU haipo. Kilichobaki ni KA LA MBUZI. Kwa kuwa maneno hayo yanaweza kusikika kana kwamba mtu kamla mbuzi, mchore Mbuzi chini ya kibao akiwa mzima, kipande cha ubao chenye herufi D kikimtokeza mdomoni.

Hatua ya 7: Shona

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Unaweza kuifungua wazi, ukaweka karatasi juu ya kandambili au kipande cha godoro, ukabana, kisha ukakunja miguu ya pini kwa kijiko. Lakini uzi hudumu zaidi mikononi mwa watoto. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: la kati sentimita 10.5 kutoka juu, mengine mawili sentimita 5 kutoka kila ncha. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani, toka nje, rudi ndani kwa tundu la juu, pita hadi la chini, toka nje, rudi katikati, funga fundo juu ya uzi mrefu wa ndani. Fundo likibaki nje, vidole vitalifungua kufikia Ijumaa.

Hatua ya 8: Nakala kubwa

Darasa la watoto 60 haliwezi kuona A5. Kalenda ya ukutani ni hazina: karatasi nzito, nyingi ni nyeupe mgongoni, na juu tayari ina ukanda wa bati unaoshika kurasa. Andika upande mweupe, bandika picha za ukubwa unaofaa.

Urefu wa herufi ndogo kama a uwe sentimita 2.5 kwa mtoto aliye mita 3. Akiwa mita 6, sentimita 5. Andika kwa herufi ndogo, siyo kubwa tupu. Herufi ndogo ndizo wanazozikuta vitabuni. Mwanga utoke ubavuni mwako. Dirisha likiwa nyuma ya kitabu, watoto wataona kivuli chako tu. Usifunike kurasa kwa nailoni, inang'aa.

Hatua ya 9: Kusoma

Jisomee kwa sauti mara tano nyumbani, hadi kibwagizo na mwanzo wa kila ubeti viwe kichwani. Kitabu kishikwe ubavuni, usawa wa bega, uso wako ubaki wazi. Msomaji anayechungulia kitabu kutoka juu huhutubia kidevu chake.

Wakalishe nusu duara, wa mbele mita moja na nusu kutoka kwako. Wakizidi 40, gawa makundi mawili, au tembea na kila mfunuo kutoka kushoto kwenda kulia kimya kimya baada ya kuusoma. Anza kwa desturi: "Paukwa!" "Pakawa!" au "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!", kufuatana na mlikozoea.

Mara ya kwanza soma moja kwa moja, usisimame kufundisha msamiati. Mshororo wa mizani nane unavuta kwenye mdundo mmoja kama wa kutwanga, na kufikia ubeti wa tatu watoto wanasinzia. Uvunje kwa sauti za wahusika: Kobe anavuta silabi, Bata anaharakisha, na "Karibu!" ya Mbuzi isemwe mashavu yamejaa, kama mtu mwenye tonge mdomoni. Sauti tatu zinatosha; zikizidi, hata wewe utasahau nani ni nani.

Kabla ya kibwagizo nyamaza kwa pumzi moja. Siku ya kwanza wachache watakisema. Wakicheka, usisome juu ya kicheko wala usingoje kiishe kabisa. Kikianza tu kushuka, funua. Mvua ikianza kugonga mabati, usipige kelele kushindana nayo. Onyesha picha, wahesabu vitu vya rafuni kwa vidole, ngoja ipite.

Mara ya pili, siku nyingine, acha neno la mwisho la mshororo wa tatu walijaze wenyewe. Atakayesema neno jingine lenye kina hicho hicho, lipokee; amekielewa kina kuliko aliyekariri. Mara ya tatu waigize, na Mbuzi awe mtoto mkimya, kwa sababu Mbuzi hana maneno mengi, kazi yake ni mashavu.

Ukurasa wa 16 usiusome. Ugeuze, ushike kimya, elekeza kidole kwenye kibao na uondoe. Wanaosoma haraka watakuwa tayari wanaziba midomo. Wafanyie ishara wasiseme. Ngoja anayeunganisha silabi afike mwenyewe: ka... la... mbu... zi. Kisha atarudia bila kupumua, na atageuka kuwatazama wenzake.